Makongamano ya ustawi kazini yana faida, ila tumeni na mtu wa shifti

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Mimi ni msomaji wenu wa Malaba, mpakani na Kenya, upande wa Uganda, nasimamia shifti kwenye ofisi ya klia, yaani sisi ndio tunaoshughulikia hati za mizigo inayopanda kutoka Mombasa kuja Kampala na kwenda mbele mpaka Kigali na Kongo na Juba. Naomba nafasi niseme kuhusu haya makongamano ya ustawi wa wafanyakazi na utamaduni wa kazi ambayo siku hizi yanafanyika sana Kampala kwenye mahoteli makubwa. Nimehudhuria moja na nimeona limefanya nini kwenye ofisi yetu, na naona waajiri wengi wanalipa pesa nzuri halafu hawavuni chochote, sasa nikaona haya maneno nisikae nayo.

Ninachotaka kusema ni hiki. Faida ipo, tena kubwa, lakini inategemea nani ametumwa. Kampuni nyingi zinamtuma meneja, au mtu wa HR, yaani rasilimali watu, au mkurugenzi mwenyewe, na hao watu nawaheshimu kabisa, ila si wao wanaopanga nani alale saa ngapi. Anayepanga nani afanye usiku, nani apewe ofu, nani aambiwe nenda nyumbani mtoto anaumwa, ni supavaiza, ni sista mkuu wa wodi, ni kiongozi wa walinzi, ni forimani wa kiwandani. Huyo ndiye mfanyakazi anamwona kila siku, maisha yake ya kazini yako mkononi mwa huyo, na huyo ndiye hajawahi kukanyaga kongamano hata moja.

Mimi nilienda kwa sababu bosi aliyeandikishwa alipata safari ya ghafla na ada ilikuwa imeshalipwa, hairudishwi, wakaona afadhali aende mtu kuliko pesa ipotee. Basi ndivyo nilivyopata kuingia. Kutoka Malaba mpaka Kampala ni zaidi ya kilomita 200, unapita Bugiri, Iganga, Jinja, halafu msitu wa Mabira, na kwa mtu ambaye amezoea kulala mchana na kuamka jioni, ile kukaa tu kwenye gari umeangalia miwa ya Kakira bila simu ya ofisi kulia ilikuwa ni mapumziko tosha. Nilipofika ukumbini nikaangalia meza zote. Mameneja. Watu wa HR. Wamiliki. Wa aina yangu tulikuwa wachache sana, na tulitambuana haraka kwa sababu ndio tulikuwa tunaandika kila kitu, wenzetu wanapiga picha slaidi kwa simu.

Kuna jambo watu hawalisemi kuhusu makongamano, kwamba nusu ya faida iko kwenye chai. Pale kwenye chai nilikaa na dada mmoja anayesimamia wanawake kwenye shamba la maua upande wa Entebbe. Akanieleza kwamba kwao wasichana walikuwa wanaficha mimba, wanaificha kabisa wanajifunga nguo, kwa kuogopa kuachishwa kazi, na matokeo yake wanabaki kwenye griinhausi yenye joto na madawa mpaka mtu anaanguka. Alichokifanya yeye wala hakikuhitaji bajeti. Aliongea na bosi wake wakakubaliana kwamba msichana akisema mapema anahamishiwa sehemu ya kupanga na kufunga maua, mshahara ule ule, na kazi yake inamsubiri akijifungua. Wa kwanza alivyosema na ikaonekana hajafukuzwa, wengine wakaanza kusema. Mimi nikamuuliza, sasa wewe ulianza vipi kuongea na bosi? Akaniambia nilimpelekea sheria, nikamwekea mezani.

Na hapo ndipo nataka nikae kidogo, kwenye sheria, kwa sababu kipindi cha sheria kilikuwa ndio kipindi chenye faida kuliko vyote na nadhani ni hicho tu kingetosha kulipa ada. Sisi wote tunajua kuna sheria ya kazi, lakini kujua ipo na kujua inasema nini ni mambo tofauti. Sheria ya Ajira ya Uganda ni ya mwaka 2006. Inasema mfanyakazi anapata siku 7 za likizo yenye malipo kwa kila miezi 4 aliyofanya kazi, yaani 21 kwa mwaka. Inasema hairuhusiwi mtu kufanya kazi zaidi ya siku 6 mfululizo bila kupumzika siku nzima. Masaa ya kawaida ni 48 kwa wiki, na ovataimu inalipwa mara moja na nusu, na ikiwa ni sikukuu ya serikali ni mara mbili. Mama anayejifungua ana siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na baba ana siku 4 za kazi, hilo la baba nilivyokuja kuwaambia vijana wangu hakuna aliyeamini, mmoja alikuwa ameshapata watoto wawili na mara zote aliomba ruhusa kwa kusema anaumwa malaria. Ukiumwa kweli, mwezi wa kwanza unalipwa mshahara wote.

Sasa chukua hiyo 48 uilete Malaba. Kwetu hapa mpakani kazi ni usiku na mchana, na ofisi nyingi ndogo za klia zina shifti mbili tu, ya asubuhi na ya usiku, masaa 12 kila moja. Mtu anafanya siku 6. Piga hesabu mwenyewe, 12 mara 6 ni 72. Hakuna ukatili wowote nyuma yake, ni mazoea tu, ofisi ilianza na watu wanne kila mtu akajitolea, ikakua, mazoea yakabaki. Ila pale kongamanoni waliweka matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani uliotoka 2021, kwamba anayefanya kazi masaa 55 na zaidi kwa wiki, ukimlinganisha na wa masaa 35 mpaka 40, hatari yake ya kupata kiharusi iko juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iko juu kwa asilimia 17. Nikakaa na zile namba. Kwa sababu hapa Malaba wazee wa klia tunaowazika wengi ni presha na kiharusi, mtu wa miaka 50 hajafika hata kustaafu, na tunasema ni kazi ya Mungu. Sisemi kila mmoja ameuawa na shifti. Nasema kwamba 72 iko mbali sana juu ya 55, na mtu wa HR wa Kampala ambaye anatoka kazini jioni hawezi kuiona hiyo namba kama ninavyoiona mimi mwenye ratiba mkononi.

Nikarudi na hiyo hesabu kwenye karatasi. Na sikwenda kwa bosi na maneno ya huruma peke yake, nilikwenda na ya pesa pia, kwa sababu hilo nalo nililisikia kule. Shirika la Afya Duniani linasema dunia inapoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka kwa sababu ya sonona na wasiwasi peke yake, na hasara ni kama dola trilioni moja. Trilioni ni kubwa mno, haiingii kichwani, kwa hiyo mimi niliitafsiri kwa lugha ya mpakani. Karani aliyechoka saa kumi usiku anakosea tarakimu moja ya namba ya kontena. Moja tu. Hati inarudi, lori linakaa yadi, dereva anadai pesa ya kulala na kula, mwenye mzigo anapiga simu anatukana, siku za bure za kontena zinaisha dimareji, yaani malipo ya kuchelewesha kontena, inaanza kuhesabu kwa dola, na mteja mwezi ujao anaenda ofisi ya jirani. Kosa moja la namna hiyo linaweza kula ada ya kongamano na nauli na kitanda cha hoteli na chenji isirudi. Bosi wetu ni mtu mwelewa, alinyamaza akaomba ile karatasi abaki nayo. Leo tuna shifti tatu siku zenye kazi nyingi, na siku za mizigo michache tunabaki na mbili lakini kila mtu ana ofu yake imeandikwa ukutani, haibadilishwi kwa simu ya saa tano usiku.

Ngoja niseme kuhusu simu ya saa tano usiku maana hilo ndilo watu wengi wataelewa. Kule kila meza ilipewa swali la kujadili, na swali letu lilikuwa, mfanyakazi mpya kwenye ofisi yenu wiki ya kwanza anajifunza kuogopa nini? Sikuwahi kuulizwa swali kama hilo. Mmoja akasema kwao unajifunza kuogopa kuuliza. Mwingine akasema unajifunza kuogopa kuondoka kabla ya bosi hata kama kazi imeisha. Mimi nikasema kwetu mtu mpya anajifunza kuogopa grupu ya WhatsApp. Kwa sababu ofisi nyingi sasa, si ya kwetu tu, makosa ya mtu yanawekwa pale mbele ya wote, na jina lake, usiku, yeye amelala na mke wake na watoto, anaamka asubuhi anakuta watu wote wameshasoma na wengine wameweka vidole. Ukitoka hapo unakuja kazini na sura gani? Kwa hiyo mtu akikosea anaficha, na kosa lililofichwa kwenye kazi ya forodha ni baya mara kumi kuliko lililosemwa mapema. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba utamaduni wa kazi haumaanishi fulana za kampuni na pati ya Desemba. Sisi tumekubaliana kwamba grupu ni ya taarifa za mizigo tu, makosa yanaongelewa ofisini watu wawili, na baada ya saa tatu usiku asiye kwenye shifti haulizwi kitu. Haijafika ukamilifu, kuna siku inavunjwa, lakini watu wanaikumbushana wenyewe.

Afya ya akili nayo ina mahali pake hapa. Huku kwetu neno lenyewe ni gumu. Ukimwambia mtu labda ungeenda kuongea na daktari anakukatiza, unataka kunipeleka Butabika? Hospitali ya Butabika, ile ya wagonjwa wa akili kule Kampala, imefanya kazi tangu 1955 na jina lake tumeligeuza tusi, hiyo si haki kwa wagonjwa wala kwa madaktari wake. Nchi yenyewe imesogea, sheria ya zamani iliyokuwa inahusu matibabu ya akili imeondolewa ikaja Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, na huduma haziko Kampala tu, hospitali za rufaa za mikoa kama ile ya Mbale zina kitengo, na sisi wa Malaba na Tororo Mbale ndiyo iko karibu. Hayo mimi niliyasikia kongamanoni. Na tulifundishwa jambo dogo la vitendo, kwamba supavaiza si daktari, usimpe mtu jina la ugonjwa, wewe angalia kilichobadilika, halafu mwite pembeni umwambie nimeona hiki na hiki, uko sawa? Halafu nyamaza umsikilize.

Kulikuwa na kijana wetu mmoja, mchapakazi sana, alianza kuchelewa, akawa hali na wenzake, anasema ameshiba. Wengine walishasema amepata mwanamke au ameanza pombe. Nilipomwita pembeni na kumuuliza vile tulivyofundishwa alikaa kimya muda mrefu halafu akalia. Alikuwa amekopa kwa mtu wa kukopesha, hawa wanaoshika kadi yako ya ATM na namba yako ya siri, mshahara ukiingia wanautoa wao wanakupa kinachobaki, na kwake kilichobaki hakikufika hata pesa ya ugali na maharage. Alikuwa anatembea kwa miguu kuja kazini ndio maana anachelewa. Hakuwa na shida ya akili, alikuwa na njaa na aibu. Ofisi ikamkopesha ikamalizana na yule mtu, sasa anakatwa kidogo kidogo bila riba. Lakini fikiria, kama tungefuata njia ya kawaida angepewa barua ya onyo ya kwanza, ya pili, halafu anafukuzwa, na kampuni inapoteza mtu anayejua kazi inaanza kufundisha mwingine upya.

Ndio maana kipindi cha fedha nacho kilinigusa. Ofisi ndogo za hapa mpakani zina watu watatu wanne, na zamani mwajiri wa watu chini ya watano hakulazimika kuchangia NSSF, ule mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, basi watu wamezeeka kwenye klia hawana hata shilingi ya akiba. Marekebisho ya 2022 yaliondoa huo mpaka, sasa mwajiri yeyote anatakiwa kuchangia, asilimia 5 ya mfanyakazi na 10 ya mwajiri, na ukifika miaka 45 na umechangia miaka 10 unaweza kuchukua mpaka asilimia 20 ya akiba yako kabla ya kustaafu. Niliporudi nikakuta wenye ofisi za jirani hawajui kwamba jambo hili linawahusu. Wengine mpaka leo wananipita njiani wanageuza shingo, lakini makarani wao wananiuliza.

Jambo jingine ni la wanawake na usiku. Kazi yetu inahitaji mtu aende yadi achukue hati kwa dereva, lori limepaki mbali, taa hakuna, na karani ni msichana wa miaka 22. Madereva wengi ni watu wazuri, ni baba zetu na kaka zetu, na wao wenyewe wameteseka, nani amesahau 2020 walivyokuwa wanaitwa corona na kufukuzwa madukani kwenye barabara hii hii. Lakini wapo wasio wazuri, na wapo pia wa ndani ya ofisi. Kanuni za unyanyasaji wa kingono kazini za Uganda ni za 2012, na mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 anatakiwa awe na sera iliyoandikwa. Na mwaka 2023 Uganda iliridhia mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 2019, unaohusu ukatili na unyanyasaji kwenye kazi, na huo haukuishia kwenye kuta nne za ofisi, unagusa na njia na safari na ujumbe wa simu. Sasa sisi hatufiki 25. Lakini nilipowauliza wasichana wangu, mnataka nini, hawakutaja sera wala kamati. Walisema tuende wawili wawili na tupewe tochi. Basi. Tochi zilinunuliwa wiki ile ile, na nimekasirika mpaka leo kwamba hakuna mtu yeyote aliyewahi kuwauliza kabla.

Kulikuwa na mambo mengine, mazoezi ya asubuhi, mtu wa kufundisha kupumua, mabanda ya bima. Sina neno nayo, aliyefurahi afurahi. Ila nitasema wazi kwamba kampuni inayochelewesha mshahara miezi miwili halafu inamleta mtu awafundishe wafanyakazi kupumua, inawakosea heshima. Kongamano halilipi mshahara. Anayekuja pale aje akiwa tayari kutengeneza mambo ya msingi kwanza, mshahara kwa tarehe, choo kinachofungika, maji ya kunywa, na mahali pa mlinzi kukaa mvua ikinyesha.

Najua waajiri watasema mambo mawili. La kwanza, gharama. Nimeshalijibu hapo juu kwa mfano wa kontena, na naongeza kwamba si lazima muongeze kiti, mnapeleka mameneja wawili kila mwaka, pelekeni meneja mmoja na supavaiza mmoja. Wakae meza moja wasikie maneno yale yale, kwa sababu supavaiza akirudi peke yake na mawazo mazuri hana sahihi ya kuyapitisha, na meneja akirudi peke yake ana sahihi lakini hajui shifti inavyokwenda. La pili, watasema mkimpeleka mtu wa chini anarudi na madai. Ndiyo, anarudi na madai. Lakini hayo madai yapo tayari, yanasemwa kila usiku kwenye kibanda cha chapati nje ya geti, tofauti ni kwamba sasa yatakuja mezani yakiwa na hesabu na sheria na pendekezo la kufanya nini. Mimi ningekuwa na kampuni ningelipia hilo.

Na anayetumwa naye ana wajibu. Usirudi na begi na cheti ukakaa kimya. Mimi nilitumia nusu saa ya kubadilishana shifti, asubuhi saa moja, wale wa usiku wanatoka na wa mchana wanaingia, kila wiki mada moja, wiki ya likizo, wiki ya NSSF, wiki ya WhatsApp. Kwa Kiswahili. Hapo hapo nikagundua shida moja kubwa ya haya makongamano.

Yote yanafanyika kwa Kiingereza, tena kile kigumu cha slaidi. Kwenye ofisi yangu kuna Mteso, Msamia, Mjapadhola, Mgisu, Mkenya wa upande wa pili, na madereva tunaofanya nao kazi ni Watanzania, Wanyarwanda, Wakongomani, Wasomali. Lugha inayotuweka pamoja ni Kiswahili, hakuna nyingine. Katiba ya Uganda tangu marekebisho ya 2005 inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na baraza la mawaziri mwezi Julai 2022 likaidhinisha kitumike kama lugha rasmi. Sasa kama mambo ya ustawi wa mfanyakazi yanasemwa kwa lugha ambayo mlinzi na turniboi, yule msaidizi wa dereva wa lori, na mama wa usafi hawaifuati vizuri, ustawi ni wa nani? Naliomba Shirikisho la Waajiri wa Uganda, FUE, na chama cha mameneja rasilimali watu, na ndugu zetu wa mashirikisho ya vyama vya wafanyakazi, NOTU na COFTU, mkipanga makongamano yenu wekeni chumba kimoja cha Kiswahili, hata siku moja tu. Wazungumzaji wapo, wanasheria wapo wanaokijua, maafisa wa kazi wa wilaya za mpakani wanakiongea kila siku.

Na si lazima yote yawe Kampala. Tororo ina kumbi, Mbale ina kumbi, na mtu wa Malaba au Busia akienda Tororo hahitaji kulala hoteli, anarudi jioni kwenye shifti yake. Siku zenyewe za kufanyia zipo kwenye kalenda ya dunia, tarehe 28 Aprili ni siku ya usalama na afya kazini, tarehe 10 Oktoba ni siku ya afya ya akili. Ofisi za klia za hapa zikichanga kila moja kidogo tunaweza kumleta mtu wa sheria na mtu wa afya ya akili kutoka Mbale na tukakaa siku nzima. Nimeshaongea na wenye ofisi watatu, wawili wamekubali, wa tatu anafikiria.

Naomba wasomaji wa Busia, Mutukula, Elegu na Mpondwe, hasa mnaosimamia shifti, mwandike hapa mtueleze kwenu nani anatumwa na anarudi na nini. Na kama kuna mpaka ambao tayari umefanya kongamano la namna hii kwa Kiswahili, tuambieni mlianzaje, sisi tungependa la kwetu liwe kabla ya Desemba, mizigo ya sikukuu haijajaa.

Msimamizi wa shifti,
Malaba, Uganda